Gramu 7 kwa Kila Gramu 100

Duka langu liko karibu na soko la Kibuye, hapa Kisumu, kwenye njia ambayo siku ya Jumapili haipitiki kwa mkokoteni kutokana na wingi wa watu wanaokuja sokoni. Nimeuza bidhaa za rejareja hapo kwa miaka 11, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo niliyachukulia maandishi ya kwenye pakiti kuwa shughuli ya mtengenezaji na wakaguzi wake, kazi yangu ikiwa ni kuhakikisha kwamba tarehe ya mwisho haijapita na kwamba pakiti haijatoboka. Aliyenibadilisha ni nyanya mmoja wa Manyatta ambaye amekuwa mteja wangu tangu nilipofungua.

Nyanya huyo anamlea mjukuu wake wa miaka 4. Mwaka jana, baada ya mvua za masika, mtoto aliugua malaria, akapona, lakini akabaki mwembamba na mchovu, asiyetaka kucheza na wenzake. Katika kituo cha afya muuguzi alimpima, akamshauri nyanya ampe mayai, maziwa, samaki na maharagwe, kisha akamalizia kwa kusema kwamba mtoto anahitaji protini. Nyanya aliyasikia yote, ila neno la mwisho ndilo aliloondoka nalo, kwa sababu lilitamkwa kwa uzito na lilikuwa na sauti ya dawa. Alipofika dukani kwangu jioni ile alilikuta neno lile lile limeandikwa kwa Kiingereza, kwa herufi nyeupe kubwa, juu ya pakiti ya biskuti niliyokuwa nimeipanga karibu na mizani. Aliniuliza, "Mwanangu, ndiyo hii protini waliyosema?" Nilimjibu kwamba ndiyo. Kwa wiki 5 akawa anapita kila asubuhi kununua pakiti moja ya shilingi 50, hadi siku aliponiambia, bila kunilaumu hata kidogo, kwamba sasa ananunua maziwa siku moja na kuruka siku moja ili zipatikane pesa za biskuti za mtoto.

Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya nigeuze pakiti.

Nyuma yake kulikuwa na jedwali dogo ambalo ilinibidi nitoke nje kwenye mwanga ili nilisome. Lilisema kwamba gramu 100 za biskuti zile zina kilokalori 470, protini gramu 7, mafuta gramu 19 na wanga gramu 68, na kwamba katika wanga huo gramu 24 ni sukari. Uzito wa pakiti yenyewe ulikuwa umeandikwa mbali na jedwali, chini kabisa karibu na mshono: gramu 40. Nilichukua kalamu. Gramu 7 zilizokuwa zikitangazwa ni za mtu atakayekula pakiti mbili na nusu kwa mkupuo. Mtoto wa pakiti moja alikuwa akipata gramu 2.8 za protini, pamoja na sukari gramu 9.6, ambayo ni zaidi ya vijiko viwili vya chai.

Mapendekezo yanayotumika Marekani kwa mtoto wa miaka 4 hadi 8 ni gramu 19 za protini kwa siku. Pakiti ile ilikuwa ikimpa mtoto kama sehemu moja kati ya saba ya kiasi hicho. Kisha nikafanya hesabu iliyoniuma zaidi. Pakiti ya maziwa ya nusu lita ina protini gramu 16 hivi, na hata tukichukulia kwamba mtoto alikuwa akinywa nusu yake tu, alikuwa akipata gramu 8 kila siku. Maziwa yalipoanza kununuliwa siku moja na kurukwa siku moja, wastani wake ulishuka hadi gramu 4. Kwa hiyo mtoto alikuwa amepoteza gramu 4 na kurudishiwa 2.8, na nyanya, ambaye aliokoa kama shilingi 32 kwa siku kwenye maziwa, alikuwa akitumia 50 kwenye biskuti. Alilipa zaidi ili mjukuu wake apate pungufu, na mimi ndiye niliyemwambia kwamba ndiyo.

Nilitaka sana kugundua kwamba pakiti ile inadanganya, maana uongo una dawa yake: unaripotiwa, bidhaa inaondolewa, na mwenye duka anarudia usingizi wake. Nilipoanza kusoma nilikuta kwamba kwa kipimo kinachotumika sehemu nyingi za dunia pakiti ile ilikuwa na haki ya kusema ilichosema. Kipimo hicho kinatoka kwa Codex Alimentarius, tume ya viwango vya chakula iliyoundwa na mashirika mawili ya Umoja wa Mataifa, la chakula na la afya, na ambayo miongozo yake ndiyo msingi wa viwango vya mataifa mengi, yakiwemo yetu ya Afrika Mashariki. Mwongozo wake wa mwaka 1997 kuhusu madai ya lishe unaanzia kwenye kiasi cha rejea cha protini cha gramu 50 kwa siku. Chakula kigumu chenye asilimia 10 ya kiasi hicho katika kila gramu 100, yaani gramu 5, kinaruhusiwa kujiita chanzo cha protini. Kikifika gramu 10 kinaruhusiwa kujiita chakula chenye protini kwa wingi. Zipo njia nyingine za kuhesabu ndani ya mwongozo huo huo, kwa kilokalori 100 au kwa kiasi cha mlo mmoja, lakini mtengenezaji anahitaji kutimiza njia moja tu.

Gramu 5 katika 100 ni kizingiti cha chini mno kwa chakula kikavu, na hili ningependa msomaji alishike kuliko jambo lolote lingine ninaloandika hapa. Kilo moja ya unga wa ngano huwa na protini ya gramu 100 hivi. Jirani yangu anayekaanga mandazi mbele ya duka hutia humo maji, sukari kidogo na hamira, kisha unga ule unakunywa mafuta, na bado mandazi yanayotoka kwenye karai hayashuki chini ya gramu 5 kwa kila 100. Mkate mweupe unavuka. Krispi za viazi zinavuka, kwa kuwa kiazi kikishakaushwa kwa mafuta protini yake kidogo hujikusanya kwenye uzito mdogo. Ugali wenyewe, ukiupima ukiwa bado ni unga, unavuka. Biskuti za nyanya hazikuwa zimeongezewa chochote. Orodha ya viambato ilianza na unga wa ngano, ikafuata sukari, ikafuata mafuta ya mawese, na unga wa maziwa ulitajwa baada ya chumvi. Zilikuwa biskuti za kawaida ambazo mtu mmoja aliyezisoma kanuni vizuri aliamua kuziandikia neno.

Ulaya walilitazama jambo hili kwa namna nyingine, na naona walilitazama vizuri zaidi. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2006 haijali uzito; inauliza ni sehemu gani ya nguvu yote ya chakula inayotokana na protini. Ili kuitwa chanzo cha protini, chakula lazima kitoe angalau asilimia 12 ya nguvu yake kutoka kwenye protini, na ili kiitwe chenye protini kwa wingi, asilimia 20. Kila gramu ya protini huhesabiwa kilokalori 4, kwa hiyo gramu 7 za biskuti zile ni kilokalori 28 kati ya 470, karibu asilimia 6. Biskuti iliyopita Kisumu ingeanguka Paris bila hata chembe yake moja kubadilika. Kipimo hiki nacho kina ukali wake, kwani njugu karanga, zenye protini gramu 26 hivi kwa 100 lakini pia mafuta mengi, hufika kama asilimia 18 tu na haziruhusiwi kujiita chakula chenye protini kwa wingi, ilhali maharagwe yaliyochemshwa, yenye gramu 9 hivi tu kwa 100 kwa sababu ya maji, hupita mtihani huo kwa urahisi. Hata hivyo kinauliza swali ambalo mzazi angeuliza: mtoto akishashiba kitu hiki, ameshiba nini?

Ninajua kwa nini neno hili lina nguvu kwetu kuliko majina mengine yaliyo kwenye jedwali. Sote tuliosoma shule za msingi za Kenya tuliimbishwa kwamba kuna vyakula vya kutia nguvu, vyakula vya kujenga mwili na vyakula vya kulinda mwili, na protini ndiyo iliyopewa kazi ya kujenga. Hakuna mtengenezaji anayeandika mafuta kwa herufi kubwa mbele ya pakiti, wala wanga, ingawa mtoto anavihitaji vyote viwili. Na haki ya biskuti lazima nayo isemwe: pakiti ile ilikuwa ikimpa mtoto kilokalori 188, ambazo kwa mtoto aliyekonda si kitu cha kudharauliwa. Mwaka 1974 daktari Donald McLaren aliandika katika jarida la Lancet kupinga wataalamu wa wakati huo waliokuwa wakiuona utapiamlo wa watoto duniani kote kama upungufu wa protini, akisema kwamba wengi wao walikosa chakula chenyewe, yaani nguvu. Mwili usiopata nguvu ya kutosha huchoma protini kama kuni, hata ile bora kabisa. Kama nyanya angenunua biskuti zile kama biskuti, juu ya maziwa aliyokuwa akinunua, nisingekuwa na neno. Alizinunua mahali pa maziwa, na kilichozipeleka mahali hapo ni maandishi.

Baada ya hesabu ile nilitaka kujua namba yenyewe, ile 7, hupatikanaje, na jibu lilinishangaza. Kwa kawaida maabara haipimi protini. Inapima naitrojeni. Njia inayotumika hadi leo, pamoja na nyingine mpya zaidi, ilibuniwa na mkemia wa Denmark, Johan Kjeldahl, mwaka 1883, alipokuwa akifanya kazi katika maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg mjini Copenhagen na kutaka kujua protini iliyomo kwenye nafaka. Chakula huchemshwa ndani ya asidi kali ya salfa hadi naitrojeni yake yote igeuke kuwa chumvi ya amonia, kisha amonia hiyo hutolewa na kupimwa. Kwa kuwa protini kwa wastani huwa na naitrojeni asilimia 16, kiasi kilichopatikana huzidishwa kwa 6.25, na hiyo ndiyo gramu inayoandikwa kwenye jedwali. Kwa ngano kizidisho sahihi zaidi ni 5.7, na kwa maziwa 6.38, kwa hiyo hata uchaguzi wa kizidisho unaweza kuisogeza namba kidogo.

Udhaifu wa njia hiyo ni kwamba naitrojeni haisemi imetoka wapi. Sahani za melamini ambazo wenzangu wanazipanga chini pale Kibuye zimetengenezwa kwa kemikali ambayo karibu theluthi mbili ya uzito wake ni naitrojeni. Nchini China, mwaka 2008, iligunduliwa kwamba kemikali hiyo ilikuwa imetiwa kwenye maziwa yaliyochanganywa na maji ili kipimo kionyeshe protini ambayo haikuwepo. Watoto wapatao 300,000 waliugua na 6 wakafa kwa kuharibika figo. Sisemi kwamba vitafunio vyetu vina kitu kama hicho. Ninachosema ni kwamba namba ya protini ni hitimisho lililofikiwa kwa hesabu, na mtu anayeiona imeandikwa hadi desimali asidhani kwamba kuna aliyeziona protini zenyewe na kuzihesabu.

Halafu kuna suala la aina. Protini imejengwa kwa asidi amino, na kati ya hizo 9 mwili wa binadamu hauwezi kuzitengeneza, lazima zitoke kwenye chakula. Ngano na mahindi yana upungufu wa mojawapo inayoitwa lisini. Maharagwe yana lisini ya kutosha lakini yana upungufu wa nyingine inayoitwa methionini, ambayo mahindi hayakunyimwa. Aliyewahi kula nyoyo kwenye boma la Waluo, au githeri akiwa Nakuru, amekula jibu la tatizo hili ndani ya sufuria moja, na waliobuni chakula hicho hawakuhitaji maabara kuwaambia kwamba watoto wanaolishwa mahindi matupu hawakui kama wanaolishwa mahindi na maharagwe. Mwaka 1991 shirika la chakula na lile la afya la Umoja wa Mataifa yalichapisha kipimo cha ubora kinachounganisha kiasi cha asidi amino na urahisi wa kumeng'enywa, na alama ya juu kabisa ikawa 1. Maziwa na mayai hufika 1. Njugu karanga hupata nusu hivi. Ngano hupata kama 0.4.

Marekani wameiweka alama hiyo ndani ya sheria yao ya lebo. Huko, mtengenezaji akishataja protini kama sifa ya bidhaa yake, lazima aonyeshe asilimia ya mahitaji ya siku, na asilimia hiyo huhesabiwa baada ya gramu kuzidishwa kwa alama ya ubora. Niliipitisha biskuti ya nyanya kwenye mzani huo. Kiasi cha kawaida cha kula biskuti huko huhesabiwa kuwa gramu 30. Humo mna protini gramu 2.1, ukizidisha kwa 0.4, kwa kuwa karibu yote inatokana na ngano, unabaki na gramu 0.84, ambayo haifiki hata asilimia 2 ya gramu 50, wakati dai dogo kabisa linahitaji asilimia 10. Lazima niongeze kwamba alama hiyo ni ya chakula kinacholiwa peke yake, na mtoto anayekula biskuti kisha akanywa maziwa hupata lisini kutoka kwenye maziwa ya kuikamilisha ngano. Lakini hapo tunarudi palepale, kwamba maziwa ndiyo yaliyopunguzwa.

Suala hili la aina lilinirudia miezi michache baadaye kwa kijana mmoja wa Nyalenda anayeendesha bodaboda mchana na kunyanyua vyuma jioni. Alikuja kunionyesha kipande cha kitafunio cha protini alichokinunua katika duka kubwa la mjini kwa shilingi 350, akitaka nimtafutie kwa bei ya jumla. Mbele kuliandikwa gramu 20 za protini, na safari hii gramu zilikuwa za kipande chenyewe, jambo ambalo nililipongeza. Tukageuza nyuma pamoja. Viambato huandikwa kwa kufuata uzito, kilicho kingi kikitangulia, na kilichotangulia kilikuwa kolajeni. Kolajeni hutolewa kwenye ngozi, mifupa na kano za wanyama na samaki. Ni protini halali, ina naitrojeni yake, na kipimo cha Kjeldahl kinaihesabu bila ubaguzi. Lakini haina kabisa triptofani, mojawapo ya zile asidi amino 9, na kwa sababu hiyo ikiliwa peke yake alama yake ya ubora ni sifuri. Kitafunio kile kilikuwa pia na soya na protini ya maziwa, kwa hiyo hakikuwa bure, ila hakuna mahali kwenye pakiti palipoonyesha ni ngapi kati ya zile 20 zilizotoka wapi. Nilimwambia, "Mdogo wangu, kabla sijakutafutia hii, nenda kajaribu kuhesabu shilingi 350 zinanunua mayai mangapi." Kwa bei ya duka langu zinanunua 17, na yai moja lina protini gramu 6 hivi.

Tangu wakati huo nina daftari karibu na mizani. Nimeandika humo bidhaa ninazouza, bei yake, na gramu za protini zinazopatikana kwa bei hiyo, nikitumia majedwali ya pakiti kwa vitu vyenye pakiti na, kwa visivyo na pakiti, majedwali ya vyakula vya Kenya yaliyotolewa na Serikali pamoja na FAO, lile shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, mwaka 2018, ambayo mtu yeyote anaweza kuyapata na ambayo yana vyakula vyetu wenyewe. Kwa bei za wiki niliyoanza, gramu moja ya protini ya biskuti ile iligharimu shilingi 18. Ya maziwa ilikuwa shilingi 4, ya yai shilingi 3 na kitu. Ya njugu karanga na ya ndengu ilikuwa chini ya shilingi moja. Omena sikuiandikia bei kwa kuwa gorogoro lake hupanda na kushuka kulingana na mwezi na ziwa, lakini ni miongoni mwa vyakula vyenye protini nyingi zaidi katika soko zima la Kibuye, protini ya samaki ambayo ubora wake hauna mashaka, na inauzwa juu ya gunia bila karatasi, bila jedwali, bila hata mtu mmoja wa kuandika neno lolote juu yake. Hili hunisumbua. Chakula kinachostahili maandishi makubwa hakina mahali pa kuyaweka, na kinachostahili kunyamaza kina pakiti inayong'aa.

Kifungu cha 46 cha Katiba yetu kinampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike na bidhaa aliyonunua. Ninaamini habari zilizo nyuma ya pakiti, kwa herufi za ukubwa wa mguu wa sisimizi, zinatimiza maneno ya haki hiyo na kuiacha roho yake nje, hasa kwa mtu wa umri wa nyanya yule. Ningependa kuona siku ambapo dai la protini haliruhusiwi mbele ya pakiti isipokuwa gramu za pakiti nzima zimeandikwa kando yake kwa herufi za ukubwa ule ule. Siombi jambo gumu. Namba hiyo mtengenezaji anayo tayari.

Biskuti zenyewe bado ninaziuza. Nimeziondoa karibu na mizani na kuziweka pamoja na biskuti nyingine, jambo ambalo kijana wa msambazaji hakulipenda alipokuja kuchukua oda, kwa kuwa mahali pale karibu na mizani walikuwa wakipahesabu kuwa pao. Tulizungumza kwa heshima. Aliniambia kwamba watu siku hizi wanaitaka protini, nami nikamwambia kwamba ndiyo sababu nimezihamisha.

Kwa nyanya nilikwenda mwenyewe nyumbani kwake jioni moja baada ya kufunga duka, maana haya si maneno ya kusemwa mbele ya wateja wengine wakati mtu ameshika pesa mkononi. Nilimwomba radhi kwa jibu nililompa siku ile ya kwanza, nikamwonyesha hesabu kwenye daftari, na nikamwambia kwamba orodha ya muuguzi ilikuwa imejitosheleza: mayai, maziwa, samaki, maharagwe. Tulizungumza pia kuhusu njugu, kwamba kwa mtoto wa umri ule ni afadhali zisagwe na kutiwa kwenye uji au mboga, kwani punje nzima inaweza kumkaba, na kwamba zenye ukungu au rangi iliyogeuka zitupwe kwa sababu ya sumukuvu. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza swali moja tu, kama maandishi ya nyuma huwa yapo kwenye kila pakiti. Nikamwambia kwamba karibu zote zinayo.

Wiki iliyofuata alikuja na miwani ya marehemu mumewe. Alisimama mbele ya rafu kwa muda mrefu, akachukua boksi la nafaka za kifungua kinywa lililoandikwa protini mbele, akaligeuza, akaniita. Kidole chake kilikuwa juu ya jedwali lenye safu mbili. "Hapa wameandika 3," alisema, "na hapa pembeni wameandika 7. Ni ipi?" Nilimsomea vichwa vya safu zile. Ya kwanza ilikuwa ya gramu 30 za nafaka peke yake. Ya pili ilikuwa ya gramu 30 za nafaka pamoja na mililita 125 za maziwa, na ndiyo iliyokuwa imechukuliwa kuandikwa mbele. Aliniuliza kama maziwa hayo yamo ndani ya boksi. Nilimwambia hayamo, kwamba ni ya mnunuzi mwenyewe.

"Basi 4 ni zangu," alisema. Alilirudisha boksi mahali pake kwa mkono wake, akaomba pakiti ya maziwa na robo kilo ya njugu, na akanisimamia nilipokuwa nikizipima.